Debe shinda haliachi kutika: risasi za boksi moja, kasi mbili tofauti

Ganda Tupu (mleta mada)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, asiye na bando asubiri wifi ya ofisini kesho.

Mimi mkazi wa Tabata, sina bunduki wala sina mpango wa kuwa nayo. Ila nina ndugu, mtoto wa shangazi, anafanya kazi kwenye shamba la wanyamapori huko Limpopo, Afrika Kusini. Kule mwenye leseni anaruhusiwa kujaza risasi zake mwenyewe: anachukua ganda, anapachika fataki (kile kidude cha kuwashia baruti) kwenye kitako, anamimina baruti, anabana juu kichwa, yaani ile sehemu inayoruka kwenda kwenye shabaha, basi. Kazi yake kubwa ni kupunguza swala wanapozidi malisho. Anaifanya usiku, kwa risasi za mwendo wa pole, yaani zisizofikia kasi ya sauti, na bunduki imefungwa kizuia mlio.

Kwa nini mwendo wa pole? Kile kizuia mlio kinameza kishindo cha gesi inayotoka mdomoni mwa mtutu, basi. Kuna mlio wa pili, mkali kama wa mjeledi, ambao unatoka kwenye kichwa chenyewe kinapokwenda mbio kuliko sauti. Huo hauzuiliki kwa kopo lolote utakalofunga. Ukitaka kundi lisikurupuke, lazima kichwa chenyewe kiende taratibu.

Desemba nilikwenda kumsalimia, nikamkuta ana kesi. Ana kronografu, kile kifaa cha kupima kasi ya risasi. Risasi za boksi moja, baruti iliyopimwa kwenye mizani ya elektroniki, zilikuwa zinampa majibu mawili. Nyingine zinatoka karibu na mita 340 kwa sekunde, nyingine zinazubaa huko kwenye 315. Alishailaumu mizani akanunua nyingine. Akailaumu fataki akabadilisha. Akaanza kupima maganda yenyewe uzito, moja moja, kama muuza dhahabu. Mimi mgeni nikapewa kazi ya kuhesabu chembe za baruti kwa kibano mpaka macho yakaniuma, nikajuta kufunga safari.

Siku ya tatu nikapewa cheo cha karani. Yeye anapiga, mimi naandika kwenye daftari. Na karani asiye na kazi ya maana huwa anaangalia mambo ya kijinga, ndivyo nilivyogundua kitu. Ndugu yangu ana kawaida ya kupanga boksi mistari miwili: za jana anazisimamisha kwa kitako, za leo anazigeuza kichwa chini, ili asichanganye. Alikuwa anaitoa risasi, anailaza taratibu kwenye chemba, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu, anapiga. Za mstari wa kwanza zikawa zinakimbia, na za mstari wa kichwa chini zote zikawa zinazubaa.

Nikamwambia, "Kaka, hebu geuza."

Akageuza. Zile zilizokuwa zinazubaa zikakimbia.

Alikaa kimya kidogo, akaweka bunduki mezani, akaenda kuchemsha chai. Mchana ule tukapiga kumi za kitako chini na kumi za kichwa chini, tukibadilishana. Hakuna hata moja iliyovuka kwenda upande wa wenzake.

Sababu yenyewe hii hapa. Ili risasi iende pole, unapunguza baruti. Lakini ganda hukulipunguza. Ganda lilitengenezwa libebe baruti ya kujaa, sasa ndani kuna kiasi kidogo kinachocheza, pengine sehemu ya tano tu ya nafasi yote. Waswahili walishasema debe shinda haliachi kutika, na vijana wa siku hizi wanadhani hiyo "shinda" ni ya mechi. Shinda ni chombo kisichojaa. Ndicho hicho kilichokuwa chemba. Risasi ikiinamia mbele, baruti inakwenda kulala nyuma ya kichwa, mbali na fataki. Ikiinuliwa, baruti inarudi kitakoni, inaikumbatia fataki. Uzito haukubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni mahali ilipolala.

Nawasilisha. Wajuzi wa fizikia waje.

---

Mbishi Daima

Natia kambi, ila nakataa. Baruti ni baruti, ikiwaka imewaka. Ganda lenyewe urefu wa kidole, eti huku na huku kuna umbali? Ndugu yako abadilishe kronografu.

---

Mwl Newton

Mbishi, taratibu. Nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita huku Ubungo, hili jambo lina maelezo.

Kosa lako liko kwenye neno "imewaka". Baruti ya kisasa haina mwendo mmoja wa kuwaka. Ukiichoma mezani kwenye hewa ya wazi inaungua polepole kama karatasi yenye mafuta. Ukiifungia, gesi yake inaongeza mgandamizo, mgandamizo unaongeza kasi ya kuungua, kasi hiyo inaongeza gesi, na mzunguko unaendelea kujilisha wenyewe. Mfaransa Paul Vieille, yule aliyetengeneza baruti isiyo na moshi mwaka 1884, ndiye aliyeliweka jambo hili kwenye hesabu: kasi ya kuungua inapanda kwa kufuata mgandamizo. Kwa hiyo kila kitu kinaamuliwa na mwanzo. Ukianza kwa nguvu, unamaliza kwa nguvu.

Sasa chukua hali mbili. Baruti iko kitakoni: moto wa fataki unaipiga usoni, chembe nyingi zinashika kwa pamoja, mgandamizo unapanda kichwa kikiwa bado hakijatoka mahali pake. Hali ya pili, baruti iko mbele: moto wa fataki unapita kwanza kwenye nafasi tupu, unapoa, unatawanyika, unafika umechoka. Tena ule msukumo wa fataki peke yake unaweza kuanza kukisogeza kichwa kabla baruti haijakolea. Kichwa kikisogea, chumba kimekuwa kikubwa zaidi, mgandamizo umepungua zaidi, na baruti inazidi kusuasua. Muulize ndugu yako, mleta mada: baada ya zile zilizozubaa, hakukuta chenga za baruti mbichi ndani ya mtutu?

Mita 25 za tofauti si ajabu. Kwenye risasi za zamani za bastola zenye ganda kubwa, kama .38 Special ambayo ganda lake asili yake ni zama za baruti nyeusi, tofauti ya mita 30 kwa sekunde inajulikana miaka mingi.

Na kwa wanaouliza "kwani mita 25 ni nini", chukueni kalamu. Shabaha iko mita 100, sahau ukinzani wa hewa. Kwa mita 340 kwa sekunde kichwa kinafika kimeshuka sentimita 42 hivi. Kwa 315 kimeshuka 49. Sentimita saba. Kwa swala, hiyo ndiyo nafasi kati ya kuanguka papo hapo na kukimbia na jeraha usiku kucha.

---

Ganda Tupu

Mwalimu, chenga tulizikuta! Za njano-njano, zimebaki nzima nzima. Tulidhani kaweka baruti mbovu.

---

Komando Kipensi

Mada nzuri mkuu. Tuwekee basi jina la baruti na gramu zake, na ganda ni la saizi gani. Kuna jamaa yangu ana kifaa.

---

Ganda Tupu

Komando, sitaweka, na usije inbox. Kipimo cha baruti kinafuata bunduki, ganda, kichwa na fataki, na mwenye kuwa navyo kihalali ana kitabu cha mtengenezaji mezani kwake. Tena huku kwenye pole ndiko pa hatari kuliko watu wanavyodhani. Mtu anaona "nimepunguza baruti, nimekuwa salama". Ukipunguza kupita kiasi, halafu ikalala mbele, kichwa kinaishia katikati ya mtutu. Mpigaji anasikia "puf", anadhani imegoma, anaweka nyingine. Ya pili inakutana na ya kwanza njiani. Mtutu unavimba kama chatu aliyemeza mbuzi, au unapasuka usoni.

Na kuna upande wa pili ambao mafundi wenyewe bado wanabishana chanzo chake: kiasi kidogo cha baruti ya aina inayoungua polepole, ndani ya ganda kubwa, kimewahi kuleta mgandamizo wa kuvunja bunduki badala ya kuwa mdogo. Ndugu yangu alipunguza woga wote duniani, lakini huo hajaupunguza.

---

Wakili wa Kata

Niongezee hapo kwa faida ya Komando na jamaa yake mwenye "kifaa". Tanzania tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai, hata ziwe tatu, hata ziwe za kwendea pole. Msichukulie ya Limpopo mkayafanya stoo ya Manzese.

---

Mbishi Daima

Komando kapotea ghafla hahaha

---

Mzee Rufiji

Nimesoma kimya kimya. Mimi ni askari wa wanyamapori mstaafu, sasa niko Mbagala na kuku wangu.

Hayo mnayoyaita ugunduzi, wazee wetu wa gobore waliyajua, ila hawakuwa na daftari. Gobore unapakia kwa mdomoni. Unamimina baruti, unatia makumbi ya nazi au kitambaa, kisha unachukua mdeki na kushindilia. Nilipokuwa mtoto huko Rufiji babu yangu alinifundisha kusikiliza mdeki. Ukishuka na kutoa sauti nzito ya "tup", baruti bado imelegea. Ukianza kudunda na kukurukia mkononi, imekaa. Na alisema neno ambalo mpaka leo nalikumbuka: usiache hewa kati ya baruti na gololi. Aliyeacha hewa, gobore lake lilimvimbia. Hakujua mgandamizo ni kitu gani, alijua nafasi tupu ni adui.

Baba yangu alikuwa KAR, jeshi la Mwingereza enzi za ukoloni, alibeba bunduki ya .303. Alituonyesha risasi moja aliyoifungua: ndani hakukuwa na chenga wala unga, kulikuwa na vijiti virefu kama tambi, vimejaa kutoka kitakoni mpaka shingoni. Sisi watoto tukavichoma kimoja kimoja nyuma ya jiko, tukala fimbo. Sasa nasoma huu uzi ndiyo naelewa. Tambi hazina pa kwenda. Ukiinamisha, ukiinua, ziko palepale.

---

Mwl Newton

Shikamoo mzee. Umetupa kitu kikubwa. Hiyo ilikuwa kodaiti, Waingereza waliitia kwenye .303 kuanzia mwaka 1891. Kabla ya hapo, ilipoanza 1888, waliweka baruti nyeusi iliyobanwa kuwa kidonge kimoja. Kwa hiyo mara zote mbili ganda lilikuwa halitiki. Shida imeanza pale tulipopata baruti ya kisasa yenye nguvu nyingi kwenye ujazo mdogo, tukaendelea kutumia magamba ya babu zao.

---

Mzee Rufiji

Marahaba mwalimu. Magamba ni ya samaki. Haya ni maganda.

---

Mwl Newton

Nimesahihishwa, mzee. Simu hii.

---

Nuru wa Kigamboni

Jamani mimi sijui bunduki, ila nina udadisi. Baada ya kusoma nikachukua kalamu ya Bic, ile inayoonyesha ndani, nikatoa ubongo wake, nikaziba upande mmoja kwa nta ya mshumaa, nikatia chumvi laini kama robo hivi, nikaziba na juu. Sasa mnisikilize.

Kwanza: nikiisimamisha, chumvi yote chini. Nikiilaza taratibu kama mleta mada alivyosema, chumvi HAIRUDI kujisambaza. Inabaki imejikusanya upande uleule na mteremko mdogo mbele yake. Inabidi niigeuze karibu na pembe ya nyuzi 30 hivi ndipo inaporomoka, na ikianza kuporomoka inakwenda yote kwa mkupuo.

Pili: nikiilaza na kuigonga gonga kwa kidole, inajitandaza urefu mzima wa kalamu kama mchanga wa ufukweni, na juu yake kunabaki njia ya hewa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

Tatu, hili ndilo lililonifurahisha. Nimeishika imelala, chumvi iko nyuma, nikaisukuma mbele haraka na kuisimamisha ghafla kwenye ukingo wa meza. Chumvi yote ikahamia mbele! Ni kama daladala ya Mbagala ikifunga breki, abiria wote mnajikuta mgongoni kwa dereva. Sasa swali langu kwa mleta mada: bunduki inapoingiza risasi yenyewe kwa kishindo, si inafanya hivihivi? Hata kama mtu alikuwa ameiweka vizuri?

---

Ganda Tupu

Dada Nuru, hilo la tatu ndilo lililokuwa linatuchanganya siku mbili za mwanzo! Alikuwa anapiga akipakia kutoka magazini, anasukuma bolti (kile chuma kinachoingiza risasi) kwa nguvu, risasi inakwenda mbele na kusimama ghafla kwenye chemba. Baruti inakwenda mbele kama abiria wako. Halafu nyingine anasukuma kwa upole kwa kuwa anaongea na mimi, baruti inabaki nyuma. Ndiyo maana namba zilikuwa vurugu tupu na hakuna aliyeona mpangilio. Tulipoanza kuzilaza moja moja kwa mkono ndipo mistari miwili ikajitenga.

Na hiyo chumvi inayoporomoka kwa mkupuo ina tafsiri yake porini. Yeye anapiga akiwa juu ya gari, anaelekeza mtutu chini bondeni. Mteremko mkubwa, baruti mbele, risasi inapiga chini ya alipolenga. Kwa miezi alikuwa anajilaumu kwamba anavuta kifyatulio vibaya. Tena chembe nyingi za baruti zimepakwa unga mweusi wa grafaiti, zinateleza kuliko hata chumvi yako.

---

Mwl Newton

Dada Nuru naomba ruhusa niibe jaribio hilo la kalamu kwa wanafunzi wangu. Pembe unayoizungumzia ndiyo ile ambayo rundo la chenga hutulia, kila kitu cha chengachenga kina yake, hata mchele gunia likimwagwa. Hali ya pili uliyoiona, ya kujitandaza, ina jibu lake pia: moto wa fataki unapita juu ya kitanda chote kwa hiyo njia ya hewa. Kasi yake kwa kawaida inaangukia katikati ya zile mbili.

---

Mbishi Daima

Sawa, nusu nimekubali. Sasa kama tatizo ni nafasi, si mjaze? Tia pamba juu ya baruti, ishindilie kama babu yake Mzee Rufiji, habari imekwisha. Mnaandika kurasa kumi kwa tatizo la shilingi mia.

---

Ganda Tupu

Mbishi, kwa mara ya kwanza umeuliza swali zuri. Watu wanafanya. Na unajua wanatumia nini? SUFI. Ile ile ya kwenye mito ya bibi, ya mti wa msufi. Wenye bunduki kubwa za Kiingereza za tembo na nyati, zile za mitutu miwili zilizotengenezwa kwa ajili ya kodaiti, wakijaza kwa baruti ya kisasa wanabaki na nafasi, basi wanaziba kwa sufi. Ni nyepesi na inajaa bila uzito. Nilipomwambia ndugu yangu kwamba kwetu Tanga sufi inaokotwa chini alinitazama kama nimemwambia tuna kisima cha petroli.

Lakini haikubali kienyeji. Sufi inatakiwa ijaze nafasi yote kutoka kwenye baruti mpaka kitako cha kichwa. Ukitia kitonge kidogo juu ya baruti halafu ukaacha hewa mbele, kile kitonge kinafyatuka na kugonga kitako cha kichwa kama nyundo, na kwenye chemba kunatokea pete ya kuvimba. Kuna bunduki za bei ya gari zimeharibiwa kwa kitonge cha namna hiyo. Tena kujaza chochote kunapandisha mgandamizo, kwa hiyo kipimo cha mwanzo hakifai tena. Ndugu yangu hakuingia huko.

Alichofanya ni kutafuta baruti inayochukua nafasi kubwa. Ipo moja iliyotengenezwa hasa kwa vipimo vidogo kwenye maganda makubwa, inaitwa Trail Boss. Chembe zake ni vipete vyenye tundu katikati, kama bangili za mdudu. Uzito mdogo, ujazo mkubwa. Shida yake ni kuipata, madukani ilishakuwa hadithi.

---

Mdau wa Makete

Nimefika nimechelewa. Nimesikia kwamba huku kwetu juu milimani sauti inakwenda polepole kwa sababu ya urefu kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi. Je, ni kweli risasi iliyo "ya pole" Dar inaweza isiwe ya pole Makete?

---

Mwl Newton

Jibu ni ndiyo, lakini sababu uliyopewa siyo. Urefu wenyewe hauhusiki. Hewa ikiwa nyepesi, mgandamizo wake nao unapungua kwa kiasi kilekile, vinafutana. Kinachobaki ni joto. Kanuni ya haraka: 331 jumlisha 0.6 mara nyuzi za selsiasi. Dar mwezi wa Januari saa nane mchana, nyuzi 32, sauti inakwenda mita 350 kwa sekunde. Makete alfajiri ya Julai, nyuzi 5, ni 334. Mita 16 zimepotea kwa baridi peke yake. Unyevu wa hapa Dar unaongeza kidogo sana, usihangaike nao.

Kwa hiyo kichwa cha mita 340 hapa ni kimya, kwenu kinapiga mjeledi.

---

Mdau wa Makete

Ahsante mwalimu. Na baridi huku tunaijua, ugali unapoa ukiwa njiani kwenda mdomoni.

---

Wakili wa Kata

Mimi si mtu wa bunduki, nauliza tu. Kama shida inajulikana hivyo, viwanda vinafanyaje? Haiwezekani vimwambie mteja "tikisa kabla ya matumizi" kama dawa ya kikohozi.

---

Ganda Tupu

Hahaha, Wakili. Viwanda vimepunguza debe.

Angalia .45 ya bastola ya Marekani, ya mwaka 1905 hivi. Kichwa kizito, ganda fupi, mwendo mita 250 na ushei. Ni ya pole kwa kuzaliwa, na ndiyo iliyotumika kwenye bunduki ya kimya ya Waingereza, De Lisle, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Warusi nao miaka ya 1980 walichukua ganda fupi la bunduki yao ya kawaida ya 7.62, wakalipanua mdomo likabeba kichwa kinene cha milimita 9 chenye uzito wa gramu 16 hivi. Wamarekani wakaja na .300 Blackout, ikasajiliwa rasmi 2011: ganda la .223 limekatwa likawa fupi, juu yake kichwa kirefu cha gramu 14 ambacho kitako chake kinaingia ndani na kula nafasi. Ukiitazama kama mtu wa debe shinda unaelewa mara moja. Nafasi imekatwa nyuma na mbele, baruti haina pa kutembea sana. Bado inatikisika kidogo, lakini si kwa fujo ya ganda kubwa la .308.

Ndugu yangu anatumia .308 kwa sababu ndiyo aliyo nayo. Bunduki haibadilishwi kama kandambili.

---

Nuru wa Kigamboni

Kwa hiyo akaamua nini mwishowe? Msituache njiani.

---

Ganda Tupu

Aliamua mambo mawili. La kwanza, akabadilisha fataki kwa aina yenye moto mkali zaidi, baada ya kuangalia kitabu cha mtengenezaji na kuanza upya kutoka chini. Pengo likapungua, halikuisha. La pili ni la kiaskari kabisa: kila anapopakia, kabla ya kulenga, anainua mtutu juu taratibu kisha anaushusha. Baruti inarudi nyumbani kitakoni. Risasi zake zote sasa zinatoka kwenye mstari mmoja, ule wa haraka, na darubini ameirekebisha kwa mstari huo. Akilenga chini bondeni sana anajua inaweza kumteleza, basi haruhusu mkono uwe na haraka.

---

Mzee Rufiji

Kuinua mtutu kabla ya kulenga. Babu alikuwa akifanya hivyo na gobore, tukidhani anaomba dua.

---

Ganda Tupu

Wakuu nimerudi, mwezi wa saba huu. Kuna jipya, imebidi nifufue uzi.

Ndugu yangu kanitumia ujumbe wa sauti alfajiri, kule kuna baridi ya nyuzi 3. Mnakumbuka mstari wa haraka ulikuwa karibu na 340? Desemba kulikuwa na joto la nyuzi 33, sauti ilikuwa 351, hakuna risasi iliyopiga mjeledi. Sasa kwa hesabu ya mwalimu sauti kule iko 333. Na baruti yenyewe ikipoa inapoteza mita chache, lakini si za kutosha. Kapiga ya kwanza akiwa ameinua mtutu kama kawaida yake: PWAA! Swala wote wakatoweka. Akadhani kizuia mlio kimelegea, akakikaza. Ya pili akailenga kwenye kichuguu, mtutu ameuinamisha kwanza bila kukusudia: kimya, "tuf" tu. Ya tatu kainua: PWAA.

Kwa hiyo asubuhi hiyo kronografu aliiacha ndani ya boksi. Alikuwa anajua baruti imelala wapi kwa kusikiliza.

Nimemwuliza swala walirudi? Kasema hapana, kalala njaa.